Kabla ya Septemba

Mwanangu, keti kidogo. Najua una haraka. Wenzako wanakuita nje, na mtihani wa darasa la saba wa Septemba unauona uko mbali. Nina swali moja tu, kisha nitakuachia. Saba mara nane ni ngapi?

Umepata. Ni 56. Lakini nimeona midomo yako ikicheza: saba, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na nane. Umehesabu kutoka mwanzo mpaka ukafika. Sikulaumu. Nimesahihisha madaftari ya Hisabati kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na watoto niliowaona wakihesabu hivyo hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa na akili nzuri kabisa. Ila muda uliwaishia wakiwa bado wanahesabu, na maswali waliyoyaweza yakabaki bila jibu.

Nataka nikuonyeshe kwa nini. Si kwa kukutisha. Mtihani unatisha vya kutosha bila mimi.

Andika 67 mara 48. Kwa macho hiyo ni hesabu moja. Ifungue ndani: nane mara saba, nane mara sita, nne mara saba, nne mara sita. Ni hesabu nne za jedwali, pamoja na namba za kuweka kichwani, kisha kujumlisha. Anayelijua jedwali anaandika 536, chini yake 2,680, anajumlisha, anapata 3,216, wala hajachoka. Asiyelijua anaanza kuhesabu kutoka mwanzo mara nne nzima. Akiteleza mahali pamoja tu, akasema nane mara saba ni 54, anapata 3,214. Kisha anatazama herufi za kuchagua, na huenda 3,214 ipo pale inamsubiri. Mtunzi wa maswali anajua watoto huteleza wapi. Mtoto anaweka kivuli kwenye herufi ile kwa furaha, anasonga mbele.

Sasa gawanya 1,456 kwa 7. Hapa ndipo nilipomaliza wino mwekundu mwingi. Saba ndani ya 14, mara mbili. Shusha 5. Saba haimo ndani ya 5, andika sifuri. Shusha 6, inakuwa 56. Saba ndani ya 56, mara nane. Jibu ni 208. Mtoto anayehesabu kwa vidole mara nyingi huniletea 28. Sifuri imeanguka njiani. Kwa miaka mingi nilimwandikia pembeni, "Kuwa makini." Sikumsoma vizuri mtoto yule. Umakini alikuwa nao, tena mwingi. Ila wote uliishia kwenye kuitafuta saba ndani ya 56. Haukubaki wa kuilinda sifuri.

Kichwa cha mtu, mwanangu, ni kama jiko la mkaa la chungu kimoja. Ukibandika jedwali juu yake, swali lenyewe linakaa pembeni, linapoa. Wanasaikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 1956 George Miller, Mmarekani, aliandika kwamba mtu anaweza kushika vitu kama saba hivi kichwani kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan akasema hata saba ni vingi, ni kama vinne tu. Vinne! Hesabu mwenyewe: namba uliyoweka kichwani, namba ya kushusha, hatua uliyofikia, na kile swali lilichouliza. Vimekwisha. Hesabu ya jedwali ikija kama kazi mpya, lazima kimoja kati ya hivyo kidondoke. Lakini jambo ulilokwisha kulijua kabisa halidai nafasi hiyo. Jina la mama yako hulitafuti. Linakuja lenyewe.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema jedwali ni jambo la darasa la tatu, ukifika la sita umeshalipita. Hulipiti. Linakufuata kila ukurasa. Chukua sehemu, kiasi ni 42 na asili ni 56, uambiwe urahisishe. Anayelijua jedwali anaziona namba zote mbili zimetoka nyumba moja, nyumba ya saba: sita mara saba, nane mara saba. Anabaki na sita ya nane, kisha tatu ya nne. Asiyelijua anagawa kwa mbili, anapata 21 na 28, anakwama, anaona 21 na 28 hazina undugu. Jumlisha tano ya sita na tatu ya nane. Unatafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, ya 6 na 8. Ukiwa na jedwali, 24 inakuja yenyewe, unapata 20 na 9, jibu 29 ya 24, yaani moja kamili na tano ya 24. Bila jedwali unaandika vigawe vya sita mstari mzima, vya nane mstari mzima, na mstari mmoja una kosa. Hata MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa matendo ambao najua unauimba vizuri, ina GA na ZI ndani yake, gawanya na zidisha. Ukijua gani inatangulia lakini hujui 72 gawanya kwa 8, utakuwa umejua njia na hujafika.

Vipeuo vya pili ndiyo usiseme. Kipeuo cha pili cha 1,764. Gawa kwa 2, 882. Tena kwa 2, 441. Kwa 3, 147. Kwa 3 tena, 49. Na 49 ni saba mara saba. Unachukua moja katika kila jozi: mbili mara tatu mara saba, 42. Mtoto mwenye jedwali hucheka akifika 49, kwa sababu anajua yuko nyumbani. Nimeona wengine wakifika 49 wakajaribu kuigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, wakaiacha.

Lakini palipo muhimu zaidi ni kwenye maswali ya maneno. Sikia hili. Mfanyabiashara alinunua trei 7 za mayai, kila trei shilingi 9,000. Kila trei ina mayai 30. Mayai 14 yalivunjika. Yaliyobaki aliyauza shilingi 400 kila moja. Alipata faida kiasi gani?

Kununua ni saba mara tisa, basi 63,000. Mayai ni saba mara tatu, basi 210. Toa 14, yanabaki 196. Zidisha kwa 400, unapata 78,400. Faida ni 15,400. Angalia mtego ulipo. Hauko kwenye kuzidisha. Uko kwenye yale 14. Yamevunjika, hayauziki, lakini fedha yake ilishatoka mfukoni. Kwa hiyo unayatoa kwenye mauzo, huyatoi kwenye gharama. Hilo ndilo swali lilitaka kujua kama unalielewa. Na kulielewa kunataka utulivu, kunataka kumwona mtu yule sokoni na trei zake. Mtoto anayepigana na saba mara tisa hamwoni yule mtu hata kidogo. Anaona namba tu, anaanza kuzitoa na kuzijumlisha kwa kubahatisha.

Na kikokotoo hakiingii kwenye chumba cha mtihani. Wala simu. Ni wewe, penseli, na ulichokuja nacho.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma. Nilipoanza kazi nilifundisha jedwali kwa kuimbisha. Sita mara moja, sita! Sita mara mbili, kumi na mbili! Darasa zima kwa sauti moja, madirisha yanatetema. Mtu akipita nje angesema hapa kuna mwalimu. Nami niliamini hivyo. Kisha nikajaribu kuuliza bila mpangilio. Nikasema, sita mara nane. Kimya. Baada ya kimya, minong'ono: sita mara moja sita, sita mara mbili kumi na mbili. Walikuwa wanaujua wimbo. Namba yenyewe, ikisimama peke yake, hawakuitambua. Na mtihani hauulizi kwa mpangilio wa wimbo. Wimbo si kitu kibaya, mwanangu, unakufikisha mlangoni. Ila mimi niliwaacha watoto mlangoni miaka mingi nikidhani wameingia.

Jambo la pili ni fimbo. Nilikuwa nayo mkononi wakati wa kuuliza. Anayechelewa kujibu anaipata. Nilidhani hofu itawaharakisha. Leo najua hofu hufanya kinyume: inakalia zile nafasi chache za kichwani nilizokutajia. Mtoto anawaza fimbo, anawaza aibu, anawaza wenzake watacheka, na 48 iliyokuwepo asubuhi haipo tena. Baadhi ya watoto wale nakutana nao mjini, ni watu wazima, wananiamkia kwa heshima, kisha wanasema, "Mwalimu, mimi Hisabati sikuwahi kuiweza." Nami najua waliiweza. Nasikia sauti yangu ndani ya maneno yao. Kwa hiyo mtu akikuuliza jedwali kwa ukali, usijihesabu mjinga ukisahau. Nenda kando, tulia, ujiulize mwenyewe.

Usidhani pia kwamba kazi hii imewekwa kwa ajili yako tu. Karibu miaka 4,000 iliyopita, katika mji wa Nippur, nchi tunayoiita leo Iraki, watoto waliokuwa wakisomea ukarani waliandika majedwali ya kuzidisha kwenye vibao vya udongo mbichi. Vibao vyao vimechimbuliwa, vipo kwenye majumba ya makumbusho. Hesabu zao zilikwenda kwa sitini sitini, na mpaka leo dakika yako ina sekunde 60 kwa urithi wa huko Babeli. Na huko England, tangu 2022, watoto wa shule za serikali wa miaka minane au tisa lazima wapimwe jedwali hadi kumi na mbili mara kumi na mbili. Maswali ni 25, kila moja sekunde 6. Sekunde sita zinatosha kukumbuka na kuandika. Hazitoshi kuhesabu kutoka mwanzo. Wanachopima ni kama namba inakuja yenyewe. Sipendi saa iwekwe mbele ya mtoto ambaye bado anajifunza, maana hofu ya saa ni kama hofu ya fimbo. Lakini nakubali kwamba kipimo chenyewe kimeshika jambo la kweli.

Wapo watakaokuambia kukariri kunaua akili, kwamba muhimu ni kuelewa. Nimewasikia kwenye semina, na nusu ya maneno yao ni haki. Elewa kwanza. Tazama kreti ya soda dukani. Ina mistari minne, chupa sita kila mstari. Nne mara sita, 24. Igeuze ubavu, sasa ni mistari sita ya chupa nne. Hakuna chupa iliyoongezeka. Tazama trei ya mayai: sita mara tano, 30. Ukishaona hivyo, kuzidisha si uchawi tena. Lakini ukishaelewa, kariri. Aliyeelewa kreti na bado anahesabu chupa moja moja kwenye chumba cha mtihani hatamaliza karatasi.

Na ile kreti iliyogeuzwa imekupunguzia kazi, kama umeona. Jedwali lililo nyuma ya daftari lako, hadi kumi mara kumi, lina vyumba 100. Ukijua kwamba nne mara sita na sita mara nne ni kitu kimoja, vinabaki 55. Ondoa vya moja na vya kumi, hivyo humfundishi mtu. Vinabaki 36. Ondoa vya mbili na vya tano, ambavyo ulivijua tangu darasa la pili. Vinabaki 21. Ishirini na moja, mwanangu. Hivyo ndivyo vinavyokunyima usingizi. Nilikuwa nawapa watoto vyumba 100 kwa mara moja, wanavitazama kama mlima. Laiti ningewapa 21.

Hata katika hivyo 21, vya tisa vina msaada wao. Saba mara tisa: toa moja kwenye saba, unapata sita; sita inataka ngapi kuwa tisa? Tatu. Basi 63. Jaribu nane mara tisa: saba, na mbili. 72. Inakubali kuanzia moja hadi kumi. Vya nne ni kuongeza maradufu mara mbili: saba, 14, 28. Vya nane, mara tatu: saba, 14, 28, 56. Sita mara saba ukiisahau, anza na tano mara saba, 35, ongeza saba, 42. Njia hizi ni za kukusaidia mpaka namba itakapozoea kuja yenyewe. Siku moja utaona huzihitaji, na hutakumbuka ilikuwa siku gani.

Hapo ndipo nataka subira yako, kwa sababu hapo ndipo vijana mnapotuangusha. Unataka kukaa Jumamosi moja, umalize. Alikuwepo Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus. Alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akikariri na kusubiri aone amesahau kiasi gani, na mwaka 1885 akatoa kitabu. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha kasi inapungua. Na aliona kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko marudio mengi ya siku moja. Kwa hiyo kusahau kesho yake si dalili ya ujinga. Ndivyo kichwa kilivyo, chako na cha huyo Mjerumani. Dawa ni kurudi. Jifunze leo, uulizwe kesho, uulizwe baada ya siku tatu, uulizwe baada ya wiki. Dakika kumi kila siku. Usizidishe, utachoka uichukie.

Na uulizwe, usisome tu. Kusoma jedwali kwa macho kunadanganya. Kila jibu liko pale, unaona unalijua. Kata vikaratasi, mbele andika swali, nyuma jibu. Mama yako akuulize huku anachambua mchele. Kwenye daladala, nauli ikiwa 600 na mmepanda watu saba, mwambie konda kabla hajafungua mdomo: 4,200. Ukikosea, usilipite kosa. Sema jibu sahihi kwa sauti, liandike, na hilo liwe la kwanza kuulizwa kesho asubuhi. Ulichokipata mara moja bila kufikiri, kiweke pembeni. Usikirudie kila siku kwa sababu kinakupa raha. Nimeona watoto wakijisomea vya tano kila jioni kwa furaha kubwa, na vya nane havijaguswa.

Usijipime kwa saa bado. Kwanza upate sahihi, hata ukichelewa. Kasi itakuja ikiwa umeacha kuitafuta. Miezi miwili kabla ya mtihani tutaleta saa, si leo.

Haya, wenzako bado wanaita. Wiki hii nakupa tatu tu: sita mara saba, sita mara nane, saba mara tisa. Ziandike ndani ya jalada la daftari, nje watu wasizione. Ijumaa uje uniambie ni ipi iliyokusumbua zaidi, tukae tuitafutie njia.